Ile dawa inayofanya meno ya mtoto meusi: inafaa au haifai? Maoni ya mama aliyelipa kwa hela yake

Kwa wasiopenda maelezo marefu nianze na jibu kabisa. Ile dawa ya kupaka, inaitwa SDF, ya kusimamisha kuoza kwa meno ya watoto, inafanya kazi, mtoto haumii, hakuna drili hakuna sindano, na kupakwa meno manne kulinigharimu chini ya kuziba jino moja tu. Ila jino litakuwa jeusi pale lilipooza. Sio kahawia, sio kijivu, JEUSI, na litabaki hivo mpaka ling'oke, so kama wewe au baba mtoto au bibi yake hamtaweza kulivumilia hilo ni bora mkubaliane nyumbani kabla ya kutoka. Kliniki yenyewe ni ya binafsi hapa Dar, jina silitaji maana nina mazuri na nina mabaya ya kusema, na mabaya mengi ni ya mapokezi.

Haya sasa tatizo lilikuwa hivi. Binti yangu ana miaka mitatu na kitu, meno manne ya mbele ya juu yote yalikuwa yanaliwa. Ilianza kwa mstari mweupe pale jino linapoingia kwenye fizi, ule weupe wa chaki usiong'aa, baadae ukawa wa kahawia, baadae vipande vikaanza kumeguka pembeni. Meno ya chini ya mbele meupe pee, hayana hata doa, na hilo ndo lilikuwa linanichanganya maana mswaki ni uleule na mdomo ni uleule. Mama yangu mzazi anasema wadudu, mama mkwe anasema hayo ni meno ya utoto tu yatang'oka yenyewe, jirani anasema kalisiamu mpe dagaa. Kila mtu ana lake.

Sehemu ya kwanza niliyompeleka walimwangalia harakaharaka nimempakata huku analia, wakasema yote manne yang'olewe, na kwa kuwa hatulii itabidi apewe dawa ya usingizi kabisa hospitali kubwa. Sisemi kung'oa ni kosa siku zote jamani, jino likishatunga usaha, fizi imevimba, mtoto ana homa na shavu limejaa, hapo usicheze, mpeleke siku hiyohiyo na kama ni kung'oa ling'olewe. Lakini huyu wangu usiku analala, fizi haijavimba, mahindi ya kuchoma anatafuna, na hakuna aliyeniuliza hata swali moja anakula nini na anakunywa nini. Nikaaga vizuri nikaondoka.

Shoga yangu wa kazini ndo akanielekeza hii ya pili. Dokta ni dada kijana, ana sauti ya chini, na hakumpandisha mtoto kwenye kile kiti kikubwa. Tulikaa mimi na yeye kwenye vistuli vya kawaida tunatazamana, magoti yamegusana, mtoto nikampakata uso kwangu miguu yake imenizunguka kiunoni, kisha tukamlaza taratibu kwa nyuma kichwa kikatua mapajani kwa dokta. Mikono nimemshika mimi. Alilia ndio, alilia kama mbuzi wa Idd, lakini mtoto akilia si mdomo unafunguka wenyewe, dokta anaona mpaka gego la mwisho bila kumlazimisha mtu, na mtoto muda wote anamwona mama yake. Hapo tu nilishawapa nyota nyingi. Mwenye mtoto wa umri huo aulize kabisa wakati anapiga simu kuweka miadi, mnamwangaliaje mtoto asiyetulia, wakijibu "tunamshika tu" tafuta kwingine.

Akainua mdomo wa juu kwa kidole akaniambia, "Mama angalia hapa, hapa ndo pa kuangalia nyumbani, usisubiri mtoto aseme linauma." Ule mstari mweupe ukiuwahi jino bado linapona, floraidi (madini ya kwenye dawa ya meno yanayokaza jino) na mswaki vinatosha, ila likishakuwa shimo halirudi tena. Halafu akampaka dawa ya rangi, kuna dawa inaganda kwenye ukoga tu na kuacha jino safi. Aisee. Meno yamepigwa mswaki asubuhi ileile, katikati ya jino kweupe kabisa lakini kando ya fizi kote zambarau tupu, na magego kule juu kwenye vile vibonde vyake ndo usiseme. Mswaki unapita tumboni mwa jino, pembeni haufiki. Hiyo dawa ya rangi ningetamani kila kliniki iwe nayo, maana maneno unayasikia ukitoka getini umeyasahau, lakini zambarau ile bado naiona mpaka leo nikimpiga mtoto mswaki.

Kwenye ile zambarau ndo wanapokaa wanaoozesha meno. Dokta akasema bibi zetu wanaposema wadudu hawako mbali sana na ukweli, ila sio funza wa kuonekana kwa macho, ni bakteria, na mdomoni wapo wa kila aina na wengi hawana neno na mtu. Mtukutu mkubwa anaitwa Streptococcus mutans, nilivyofika nyumbani nikamsoma, kumbe alishaelezwa tangu mwaka 1924 na mtafiti wa Uingereza anaitwa Clarke, aliyemtoa kwenye meno yaliyooza. Kazi zake ni mbili. Anakula sukari anatoa asidi, na sukari hii ya kawaida ya kwenye chai anaigeuza kuwa gundi anajibandika nayo kwenye jino mate yasimsombe. Mdomo ukichachuka mpaka pH (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu umezidi) ikashuka chini ya 5.5 hivi, madini ya jino yanaanza kutoka. Mate yanakuja kupoza ile asidi na kurudisha madini, lakini yanataka muda, nusu saa mpaka saa nzima, na meno ya watoto enameli yake, lile gamba gumu la nje, ni nyembamba kuliko ya kwetu kwa hiyo yakianza kutoboka yanatoboka haraka.

Ndo maana dokta hakuniuliza anakula sukari kiasi gani, aliniuliza mara ngapi. Akachukua kikaratasi akaandika saa moja moja tangu asubuhi mpaka usiku akanipa kalamu nijaze. Uji wa sukari asubuhi. Biskuti moja inayoliwa kidogokidogo mpaka saa nne. Juisi ya pakiti anatembea nayo kutwa anakunywa funda anaweka, funda anaweka. Ubuyu wa dada. Andazi na chai jioni. Halafu chupa ya maziwa yenye sukari kitandani mpaka alale nayo. Ukikiangalia kile kikaratasi hakuna hata sehemu moja ambapo mate yalipata saa mbili za kufanya kazi yao, na hapo sukari yenyewe ukiijumlisha wala sio nyingi hivo, kuna watoto wanakula pipi nyingi zaidi kwa mkupuo baada ya wali wa mchana na meno yao yanayashinda ya huyu.

Na lile swali langu la meno ya chini likajibiwa hapo hapo. Mtoto akinyonya chupa ulimi unayafunika ya chini, na mate yanatokea palepale chini ya ulimi. Ya juu ndo yanalowana na maziwa ya sukari usiku kucha, na mtu akilala mate yanapungua sana. Hivo ukiona mtoto mdogo ameoza ya juu mbele na ya chini mazima, daktari wa meno anajua stori ya usiku bila kuambiwa. Nikamuuliza na kunyonya ziwa je, akasema mtoto anyonye mpaka miaka miwili kama inavyoshauriwa, hakuna anayekukataza, ila akishaota meno na akawa anakula vyakula vingine basi yapigwe mswaki kabla ya kulala, asilale na uji kwenye meno kisha akanyonya juu yake.

Kisha akaniambia na wewe mama fungua mdomo. Mimi! Nina gego lina tundu la siku nyingi haliumi so nilikuwa nimelisahau. Akasema mtoto akizaliwa hana wale wadudu, anawapata kwa watu wanaomlea, mate kwa mate, unaonja uji kwa kijiko kilekile, unamtafunia nyama, na mama mwenye matundu mdomoni ana wadudu wengi zaidi wa kugawa. Nikadhani sasa ataniambia nikagombane na mama mkwe maana yeye ndo mtafunaji mkuu wa nyama pale nyumbani. Hapana. Akasema vijiko acha kushea ukiweza lakini usivunje undugu kwa ajili hiyo, watafika tu, kama sio kwa bibi kwa dada wa kazi, kama sio kwa dada kwa wenzake wa shule, wewe ziba hilo tundu lako na punguza chakula chao mdomoni mwa mtoto. Nilimpenda sana hapo. Madokta wengi wangemtupia bibi lawama zote.

Sasa dawa yenyewe. Inaitwa silva daiamini floraidi, wenyewe wanasema SDF, ni maji tu kwenye kichupa kidogo, asilimia 38. Fedha iliyomo, fedha kama ya pete, inaua bakteria, floraidi inakaza sehemu iliyolainika. Sio kitu cha majaribio, Japani wanaitumia tangu kama miaka ya 1970, Marekani wakairuhusu 2014, na 2021 WHO, shirika la afya duniani, wakaiingiza kwenye orodha yao ya dawa muhimu pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Kabla ya kuanza dokta alinionesha picha kwenye simu ya meno ya watoto wengine kabla na baada, hakuficha weusi, akaniambia nikitaka kwenda kujadiliana na baba yake niende nirudi siku nyingine na hela ya kumwona daktari sitalipa tena. Nikampigia palepale, akauliza linauma? nikasema hapana, akasema pakeni.

Walimpaka vasilini midomo yote na kuzunguka mdomo, pamba mbili ndani ya shavu, wakakausha meno kwa kipamba kingine maana ikikutana na mate haishiki, tone moja kwenye kisahani cha plastiki, kibrashi kidogo sana, wanagusa pale palipooza tu na kusubiri kama dakika. Harufu kidogo ya amonia, na ladha nadhani ni ya chuma maana mtoto alikunja uso akasema "dokta mchafu". Basi. Muda wa kulia ulikuwa mrefu kuliko muda wa kupaka. Kuna tone liligusa shavu kwa nje, saa hiyo halionekani, jioni kidoa cha kahawia hiki hapa, nikasugua weee, halitoki, usihangaike nalo linapotea lenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Kwenye nguo halipotei. Blauzi yangu ya kazini imekuwa ya kupigia deki.

Weusi ulikuja taratibu kesho yake. Sehemu ya jino ambayo haijaoza haibadiliki, ni pale tu palipooza ndo panageuka, na wanasema weusi ndo dalili kwamba imeshika. Sitawadanganya, mara ya kwanza alivyocheka kwenye mwanga moyo ulinilipuka. Shangazi yake alivyoona kwenye video koli akasema mmemfanya nini mtoto wa watu. Mwenyewe hana habari, anawaonesha wenzake shuleni anasema meno yangu yamepakwa rangi. Tuliporudi kwa marudio dokta akachukua kile kichuma chenye ncha akapitisha pale pale, mara ya kwanza kilikuwa kinazama kidogo, sasa kinateleza kinatoa sauti, pagumu. Matatu yameshika vizuri kabisa, moja upande mmoja likapakwa tena. Alisema na hii sio ya mara moja ukasahau, inarudiwa kila miezi sita au mwaka mpaka jino ling'oke, na ya mbele yanashika vizuri kuliko magego. Hiyo ya kurudia ningependa waliandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya bei, maana mtu unahesabu umelipa umemaliza kumbe ndo umeanza.

Ilibaki gego moja la chini lenye tundu dogo, hilo hawakupaka, walichokonoa ule uozo laini kwa kijiko kidogo cha mkono bila drili bila ganzi, wakaziba na simenti inaitwa glasi ayonoma ambayo yenyewe inatoa floraidi kidogokidogo. Nikashangaa mbona hawajatoboa na mashine, dokta akacheka akasema njia hii imeanzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi mmoja Jo Frencken alikuwa chuo kikuu Dar es Salaam, vijijini umeme hakuna mashine hakuna, wakajaribu kwa vyuma vya mkono tu, 1994 WHO wakaipigia debe dunia nzima. Mimi nimesoma Dar maisha yangu yote sijawahi kuambiwa! Zibo hilo mpaka naandika hapa lipo, wakasema likitoka kuna kofia ndogo za chuma wanafunika jino lote bila kuchonga. Na hapa ndo jibu la mama mkwe na meno yake ya kung'oka. Ya mbele kweli yanaondoka kwenye miaka 6 mpaka 8, lakini magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kutafunia upande mmoja miaka minane.

Hela. Bima yangu haikulipa kupaka. Niliuliza mara mbili yule dada wa dirishani akaangalia kwenye kompyuta akasema kung'oa ipo, kuziba ipo, kupaka haipo. Yaani wako tayari kulipia mtoto ang'olewe meno manne kwa usingizi lakini sio kulipia kichupa cha kuyaokoa. Nililipa keshi, ni hela ndogo ukilinganisha, lakini kwa kanuni inaudhi. Ulizia bima yako kabla, kila moja ina mambo yake.

Sasa mapokezi, hapa naomba wanisome vizuri. Miadi ya saa tatu tukaingia baada ya adhana ya mchana. Mtoto wa miaka mitatu mwenye njaa asubuhi yote, unajua anafika kwa dokta akiwa na hali gani, na dada wa mapokezi kila nikiuliza "mama subiri utaitwa". Tivii iko juu mpaka mwisho inaonesha mpira. Halafu, jamani, kwenye kaunta kuna bakuli la PIPI. Pipi za kijiti! Kila mtoto akitoka anapewa kwa kuwa amekuwa mvumilivu. Mwanangu ametoka kupakwa dawa hata dakika kumi hazijaisha, mdomo bado una vasilini, ananyooshewa pipi nyekundu. Dokta ndani anachora kikaratasi cha saa, mtu wa nje anagawa chakula cha wadudu. Nikasema dada, hii ni kliniki ya meno au, akacheka akasema watoto wanapenda. Siku ya marudio bakuli lilikuwepo na limejazwa. Wekeni stika, wekeni puto, hata penseli, mtoto wa umri ule anafurahia kifuniko cha soda.

Na hapohapo pembeni ya bakuli kuna kabati la kioo wanauza dawa za meno za watoto. Tyubu nzuri kweli, ina katuni, inanukia stroberi, bei imechangamka. Geuza nyuma. Haina floraidi hata kidogo. Na dokta huyohuyo dakika tano zilizopita ameniambia nitafute yenye floraidi ya ppm 1000 au zaidi. Nikarudi nikamwonesha, akaona aibu akasema vitu vya kabati sio yeye anayeagiza. Namuamini, lakini mzazi anayekuja pale ananunua kwa sababu imeuzwa na kliniki, atajuaje.

Kwa kuwa nimeshaingia huko ngoja niwamalizie hili la dawa ya meno maana nilizunguka supamaketi na maduka ya Kariakoo nageuza tyubu nyuma, wauzaji wakaniona mkaguzi. Tafuta herufi ppm, ndo kipimo cha floraidi iliyomo. Kwa watoto kuna zisizo na kitu kabisa, mara nyingi zimeandikwa mtoto anaweza kumeza, kuna za 500, na kuna za 1000 kwenda juu. Zisizo na kitu zinanukisha tu mdomo, usinunue kwa ajili ya kuzuia kuoza. Za 500 ushahidi wake ni dhaifu. Kilichonishangaza ni kwamba tyubu ya kawaida ya familia unayopigia wewe mara nyingi ni 1000 mpaka 1500, na mtoto anaweza kuitumia hiyohiyo bila shida, ujanja uko kwenye kiasi. Chini ya miaka mitatu paka ya ukubwa wa punje ya mchele, miaka mitatu mpaka sita punje ya njegere, mara mbili kwa siku, na ya usiku ndo usiikose hata ukiwa umechoka vipi. Ateme, asisukutue na maji mengi maana unaisuuza floraidi yote. Tangazo la tivii linaloonesha dawa imejaa mswaki mzima kwa nundu ni la kukuuzia tyubu iishe haraka. Na tyubu iweke juu, hizi za stroberi mtoto akiipata anakula kama jamu. Kwa hiyo nimeacha kununua za katuni, tunatumia moja nyumba nzima, mtoto analalamika inawasha kidogo, wiki ya pili kazoea.

Tofauti ni kwa ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na kote kule kwenye Bonde la Ufa ambako maji ya visima yana floraidi ya asili nyingi. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima huko vinapita mbali sana, ndo yale meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu waliokulia huko. Floraidi ya kwenye mswaki ukitema kazi yake ni ya juujuu ya jino, tatizo la kule ni ile inayomezwa kila siku mtoto meno yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya fizi. Meno yale ya kahawia sio ya kuoza, ni kitu kingine. Usiache kupiga mswaki, ila hakikisha anatema na mwambie daktari maji mnayokunywa yanatoka wapi.

Na kwa kuwa najua nitaulizwa, hapana, haya hayahusiani na "meno ya plastiki". Mtoto mchanga ana homa na anaharisha, mtu anamwangalia fizi anaona vivimbe vyeupe anasema ni meno ya nailoni yachimbuliwe. Yale ni meno ya kawaida hayajatoka bado. Wakichimbua wanaharibu mpaka jino la ukubwani lililo chini yake, na kile chuma hujui kimetoka mdomoni mwa nani. Mpeleke mtoto hospitali atibiwe kuharisha.

Nyumbani kilichobadilika ni vitu viwili tu maana zaidi ya hapo nisingeweza. Chupa ya usiku tulipunguza sukari kwanza, halafu tukaanza kuchanganya maji kidogo zaidi kila baada ya siku chache mpaka ikawa maji matupu, akaisusa mwenyewe. Kulikuwa na usiku kadhaa wa vita, dada wa kazi alitaka kunikimbia. La pili juisi, sasa anakunywa pamoja na chakula cha mchana ikaisha palepale, kutembea nayo hakuna. Ubuyu sijaukataza, anakula Jumamosi akamaliza. Mswaki nampiga mimi na nitaendelea mpaka afike miaka saba nane, mtoto wa miaka mitatu anatafuna mswaki tu, namlaza mapajani kichwa kwangu naanza na kando ya fizi, ile sehemu ya zambarau, nikimaliza huko ndo nampa aumalizie mwenyewe ajione mkubwa.

Alama zangu: dokta tano kamili, dawa nne kwa sababu ya weusi na kurudia, mapokezi mbili, kabati la dawa ya meno sifuri. Bado narudi palepale, na gego langu wameshaliziba. Ukienda epuka Jumamosi, ni vurugu tupu. Chukua miadi ya kwanza ya asubuhi siku ya kazi, mlishe mtoto kabla ya kutoka, vaa nguo usiyoionea uchungu, na ukipita kaunta mshike mtoto mkono wa upande wa pili wa bakuli.